Mzee Aliyewekwa Uzazini

Bwana Yesu asifiwe! Haya, Amina ya kina mama nimeisikia. Ya upande wa wababa nadhani bado inapanda mlima, itafika.

Wakubwa wangu wachache mliobaki, shikamooni. Ninyi wengine wote, marahaba, hata kama hamjanisalimia. Nimewasamehe kabla hamjatubu.

Nimeambiwa nina dakika kumi. Aliyenipa dakika kumi hanijui vizuri. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka sitini na mbili, na tangu siku ile nilipopokea cheti hajatokea binadamu wa kuninyamazisha. Ila leo nitajitahidi, kwa sababu ninalotaka kusema si la kuchekesha. Tutaanza tukicheka, halafu tutateremka wote polepole, kama watu wanaoshuka korongoni mvua ikinyesha.

Kwamba nilianguka, mnajua. Wengi mmeisikia kwangu mwenyewe: niliporomoka korongo zima, nikapita juu ya migomba, nikabingirika hadi barabara ya Moshi. Wengine niliwaambia kulikuwa na nyati. Ndugu zangu, hakukuwa na nyati. Nilikuwa nimebeba kipande cha mgomba nikimpelekea ng'ombe bandani, njia ina matope, mguu wa kushoto ukaondoka bila mimi. Nilianguka kwa ubavu, kimo changu mwenyewe tu. Kulikuwa na kuku pale, hata hakukimbia. Lakini ndani ya mwili nilisikia kitu kikikatika kama tawi kavu la mti wa kahawa, na nilipotaka kuinuka, mguu ukakataa. Niliutazama. Ulikuwa umegeukia nje, umefupika, kama si wangu.

Nyonga imevunjika. Nikapelekwa hospitali mjini, wakanipasua, wakaniwekea chuma. Nikawaambia wajukuu kwamba kile chuma kinatosha kujengea daraja.

Kesho yake tu, bado nina dawa ya usingizi kichwani, akaja binti mmoja mwembamba, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo tunasimama."

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe."

"Basi tangulia wewe, nikuone unavyofanya."

Akacheka, lakini hakuondoka. Alinikalisha pembeni ya kitanda, akaniwekea mbele kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, wanakiita fremu, akanisimamisha. Ndugu zangu, maumivu yale sitayaelezea hapa mbele ya watoto. Niliona nyota, nikaona na waliokufa. Nilisimama kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, nikarudi kitandani nimelowa jasho kama mtu aliyetoka kuoga.

Akaniambia neno ambalo ningelishika, leo nisingekuwa na ushuhuda wa kutoa. Alisema, "Babu, mfupa umeshikwa na chuma, na chuma hakichoki. Kuanzia leo kinaweza kukubeba. Kinachoisha ni nyama. Mzee akilala, mapaja yanaisha, kifua kinajaa, damu inaganda miguuni, ngozi ya mgongo inaoza. Nyonga haiui haraka, Babu. Kitanda ndicho kinaua."

Akanipa karatasi ya mazoezi. Mimi msomi nikaisoma yote kwa sauti wodini, mpaka wagonjwa wenzangu wakaomba nihamishwe. Kaza paja, legeza. Vuta kisigino kuelekea makalio. Kaa. Simama. Ongeza hatua kila siku. Kuisoma niliisoma vizuri sana.

Binti yangu anapanga chumba kule mjini, mtaa wa Daraja Mbili. Akaomba nikae kwake, nipelekwe mazoezini kila baada ya siku chache. Mama yenu, mke wangu, alimtazama yule mtoto mpaka akainama. Akasema, "Baba yako ana nyumba, ana migomba, ana ng'ombe wa maziwa, ana mke. Akauguzwe kwenye chumba cha kupanga kama mtu asiye na kwao?" Mjadala ukaishia hapo.

Sasa hapa nataka kina mama mnisikilize, maana hili linatuhusu sisi watu wa mlimani. Mke wangu mnamjua. Huku kwetu mzazi akishajifungua anakaa ndani miezi mitatu, hagusi jembe, hachoti maji, anakula mtori wa ndizi na nyama, na maziwa, mpaka mashavu yanang'aa, na siku akitoka watu wanamtazama yeye ndipo wanajua mkwe wake ni mtu wa namna gani. Wake za wanangu wote wamepita mikononi mwa mama huyu, na wa majirani pia. Aliwahi kuniambia, "Nimelea wazazi kumi na mmoja, na hakuna aliyetoka mwembamba." Hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake, na ilikuwa kubwa kuliko cheti changu.

Basi nilipofika nyumbani na chuma mwilini, alifanya kitu pekee alichokijua, na alikifanya kwa moyo wake wote. Aliniweka uzazini. Mimi, mwanamume wa miaka sabini na nne, mwenye ndevu!

Chumba cha ndani, pazia limeshushwa, blanketi mbili. Asubuhi mtori, mchana mtori, jioni loshoro, yale mahindi ya kupondwa na maziwa ya mgando. Nikijaribu kukaa, "Lala, Mzee. Kazi yako ni kula." Nikitaka kwenda haja, chombo kinaletwa, ananiinua yeye, ananifuta yeye. Fremu ilikaa kona, ameanikia taulo. Nilimwambia mara moja, "Yule binti alisema nitembee." Akanijibu, "Yule binti amezaa wangapi? Watu waje wakukute unaburuzwa kwenye machuma, waseme nimechoka kukuhudumia?"

Na watu walikuja. Ninyi hapa mlikuja! Msiangalie chini, nawaona. Mlileta maziwa, mkaleta ndizi, mkanitazama mashavu mkasema, "Jamani, mzee ameng'aa! Mama, wewe unajua kulea!" Mke wangu akawa anatembea kama amevaa taji. Hakuna hata mmoja wetu aliyenifunua blanketi akatazama miguu.

Yule binti wa mazoezi naye alikuwa anapiga simu kila wiki.

"Babu, umesimama leo?"

"Kusimama ni habari ya zamani! Leo nimezunguka shamba mara tatu."

"Kweli, Babu? Na fremu?"

"Fremu nimeiacha nyuma, hainiwezi mwendo."

"Hongera sana! Na ngazi?"

"Naruka mbili mbili."

Wiki iliyofuata nikamwambia nimefika mtoni na kurudi. Mke wangu anasikia, amekaa na bakuli pembeni yangu, anacheka mpaka anajifuta machozi. "Mzee wangu, mbinguni utaingia mguu mmoja. Wa pili utabaki nje kwa uongo." Nami nacheka. Nyumba nzima ilikuwa inacheka.

Ndugu zangu, nawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu siku zile. Nilikuwa naogopa. Yale maumivu ya siku ya kwanza yalikuwa yameingia moyoni, na kila nikiitazama sakafu ya nyumba yangu, sakafu niliyoimwaga saruji kwa mikono yangu, naiona kama shimo. Kwa hiyo uzazi ule ulinifaa. Nilijificha kwenye mapenzi ya mke wangu. Na kwenye simu, badala ya kusema naogopa, nikawa napiga hadithi. Yule binti angejua ukweli, angepanda mlima kesho yake. Angeongea na mama wakaelewana, maana wote wawili walikuwa watu wa kazi. Nilimfungia mlango kwa mdomo wangu.

Wiki ya tano ngozi ya chini ya mgongo ikapasuka. Kidonda kidogo kama jicho, baadaye kikawa kama kiganja. Harufu ikaingia chumbani, na wageni wakawa wanakaa karibu na mlango. Kikohozi kikaja, homa ikaja. Mapaja yangu yakawa mikono ya mtoto, ila uso bado umenawiri, umejaa, unang'aa. Mama alikuwa ananigeuza usiku na mchana, kilo zote hizi, mtori wote ule. Yeye ndiye alikuwa anakonda. Na hilo pia hatukuliona.

Sasa nafika mahali ambapo siongezi chumvi. Kila mtakachosikia hapa ni kama kilivyokuwa.

Ilikuwa wiki ya tisa, asubuhi, ng'ombe ameshakamuliwa. Mama alinigeuza, akanisafisha kidonda, akaweka bakuli la mtori kwenye stuli. Akasema, "Mzee, mkono huu umekuwa mzito."

Nikamwambia, "Ni mimi huyo unayenibeba."

Hakucheka. Aligeuka kutoka, akashika ukuta, akakaa chini taratibu kama mtu aliyeamua kukaa. Halafu akalala. Macho yake yako wazi, mdomo umekwenda upande.

Kutoka kitandani hadi alipolala ni hatua tatu. Nimekuja kuzipima baadaye kwa futi kamba, maana nilitaka kujua. Hatua tatu.

Simu ilikuwa sebuleni, kwenye chaji. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mtaa wote ulikuwa umeenda mazikoni ng'ambo ya mto. Aliyenijibu ni ng'ombe peke yake.

Nikasema nasimama. Nikakaa, kichwa kikazunguka. Nikateremsha miguu, nikaikanyaga sakafu, nikakaza paja kama karatasi ilivyosema. Hapakuwa na paja la kukaza. Niliteleza na godoro mpaka chini. Nikajivuta kwa viwiko. Kidonda kinachubuka kwenye saruji, nakisikia. Nilifika kwenye ncha ya kitenge chake, nikaishika. Zaidi ya hapo sikufika.

Alikuwa ananiangalia. Na mimi nikawa namwambia, "Nakuja, Mama. Nakuja." Mtu aliyezunguka shamba mara tatu.

Jua lilikuwa kwenye dirisha wakati anaanguka. Likatoka dirishani, likaenda juu ya paa, na sisi tuko chini pale pale. Ndipo nikasikia mtu anapiga hodi. Jirani yetu ametoka mazikoni, amekuja kurudisha sufuria.

"Hodi! Hodi wenye nyumba! Mbona ng'ombe analia hivi?"

Alipofungua mlango wa chumba sufuria ilimtoka mkononi. "Mungu wangu! Wote wawili?"

Nikamwambia, "Yeye kwanza. Mimi niache."

Kilikuwa kiharusi. Daktari alitoka na binti yangu nje ya wodi ili nisisikie, lakini masikio yangu hayakuvunjika. Alisema angewahi kuletwa, huenda mkono ule na ulimi ule vingesalimika. Alisema huenda. Hakumlaumu mtu. Neno hilo ninalo mpaka leo, nalala nalo, naamka nalo.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimelazwa hospitali hiyo hiyo kwa kidonda na kifua. Siku ya tatu akaja yule binti wa mazoezi. Alisoma jina kwenye faili, akanitazama, akalisoma tena. Nilitamani anitukane. Alikunja blanketi, akaweka kiganja chake juu ya paja langu, na kiganja kikazidi paja.

"Babu. Hili ndilo paja lililofika mtoni?"

Nilivuta blanketi nijifunike. 

Akavuta kiti. "Nikupe habari mbaya?"

"Nipe."

"Umechelewa. Goti limekaza, mguu utabaki mfupi, na kidonda lazima kifunge kwanza ndipo tufanye kazi ya kweli. Itauma kuliko mwanzo. Na sijui kama utatembea. Mwanzoni nilikuwa najua. Sasa sijui."

"Na habari nzuri?"

"Sina. Nina sharti. Nikikuuliza umefanya ngapi, unanipa namba ya kweli. Ikiwa sifuri, unasema sifuri."

Tulipotoka hospitali tulihamia Daraja Mbili, kwenye kile chumba cha kupanga, wote wawili. Kitanda changu ukuta huu, cha mama ukuta ule. Upande wake wa kulia hauna nguvu, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, mama aliyekuwa anaongoza nyumba, ng'ombe na wakwe, lilibaki moja: "Haya." Akitaka maji, "Haya." Akikasirika, "Haya!" Na kila asubuhi akifungua macho ananitazama mimi na ile fremu, halafu, "Haya!"

Siku ya kwanza, sifuri. Niliisema hivyo hivyo kwenye simu: "Sifuri, mwanangu." Siku ya pili, sifuri. Nililia mbele ya mke wangu na mbele ya wapangaji waliokuwa wanafua uani. Wiki ya pili nilisimama nikahesabu mpaka saba.

"Saba kweli, Babu?"

"Sita. Ya saba nilikuwa nimeshakaa."

Akasema, "Sita nzuri hiyo."

Msidhani ilikuwa inapanda tu. Nilianguka mara mbili. Kidonda kilifumuka tena. Ipo wiki nzima nilikataa, nikageukia ukutani, nikamwambia binti yangu aniache nife. Mama akaanza, "Haya." Sikugeuka. "Haya." Sikugeuka. Halafu nikasikia kitanda chake kinalia. Nageuka, namwona anajaribu kutoka kwa ule upande mmoja wenye nguvu, anakuja kuninyanyua. Bado anataka kuninyanyua! Ndugu zangu, niliinuka. Sikuinuka kwa ushujaa. Niliinuka kwa aibu, na kwa hofu kwamba ataanguka tena mbele yangu.

Kutoka kitanda changu hadi chake zilikuwa hatua nne. Mwezi wa tatu tangu tuhamie pale nilizimaliza, nimeshika fremu kwa mkono mmoja na kikombe cha uji kwa mwingine, kitu ambacho nimekatazwa. Nusu ya uji ilimwagika, na ni nusu ya kweli. Nusu nyingine nilimnywesha.

Sijapona kama nilivyokuwa. Mnaona wenyewe jinsi ninavyochechemea, mguu mmoja unasalimia na mwingine unaitikia. Mvua ikikaribia naijua kabla ya redio. Mgomba sibebi tena. Mama hasemi, na mkono wake haujarudi, na madaktari wameacha kuniambia utarudi lini. Lakini natembea, na leo nimetembea kutoka getini mpaka hapa mbele. Kutoka getini ni mbali kiasi gani sitasema, maana nitaongeza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule binti wa mazoezi, ambaye angeweza kuniacha na uongo wangu na hakuniacha. Namshukuru mtoto wangu, aliyetupokea kwenye kile chumba tulichokidharau. Wapangaji wa pale waliokuwa wanahesabu hatua zangu kwa sauti huku wanasuuza nguo, Mungu awabariki. Jirani yangu wa sufuria, asante. Na mama, amekaa pale karibu na dirisha, anasikia kila neno. Ninaomba asitokee mtu wa kusema yeye ndiye aliyeniharibu. Alinipa alichokuwa nacho. Aliyekuwa na karatasi ni mimi, na aliyejua kusoma ni mimi.

Somo langu ni fupi. Mzee wenu akivunjika nyonga, akatengenezwa, msimweke uzazini. Mtori mpeni, ila aufuate mezani. Mkienda kumtembelea, msimsifu mashavu. Mfunueni blanketi mwangalie miguu, mwangalie mgongo, halafu mwangalieni na yule anayemuuguza, mmuulize yeye amelala lini. Muulizeni mzee, "Leo umesimama mara ngapi?" Akisema ameruka ngazi mbili mbili, mwambieni awaonyeshe. Na wewe mzee mwenzangu uliyekaa hapo unaogopa sakafu, sema unaogopa. Mtu hawezi kukushika mkono kama umemwambia uko mtoni.

Nilikuwa na mengine, lakini naona mama ananitazama. Jicho hilo nalijua, anataka kwenda msalani, na si mtu wa kusubiri msomi amalize. Naomba mtu mmoja afungue ule mlango wa pembeni, na hapo katikati msogeze miguu.

Hapana, kaeni, kaeni. Msituinukie. Tutachukua muda, lakini nampeleka mimi.